Mwaka Niliokuwa Hadija

Mama Hadija alizikwa siku ya Alhamisi, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika na migomba ya nyuma ya nyumba yake ikiendelea kudondosha maji. Nilifika Hamugembe nikitokea Izimbya, ambako nafanya kazi katika zahanati, nikakuta wanaume wamekwisha kurudi kutoka makaburini na wanawake wamejaa mikekani katika vyumba vyote. Binti mmoja wa ukoo, ambaye hakunijua, aliniuliza kwa adabu mimi ni nani kwa marehemu. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama nje ya mlango, amepungua mwili, koti limemzidi mabega, ndiye aliyenijibia. "Huyu aliwahi kuwa Hadija," alisema. Alikuwa Mwalimu Kyaruzi. Yule binti alitutazama kwa zamu, akaona pengine ni maneno ya uzee, akanisogezea mkeka. Nilipoketi niligundua kwamba nimeegemea ukuta uleule niliokuwa nikiuegemea nilipokuwa na miaka kumi na tisa, na mwaka ule wote ukanijia, na harufu ya maharage yake, na sauti ya yule mama akiniita kutoka uani nije kula.

Sitaeleza nilikozaliwa wala kwa nini nilikuwa nakaa kwa shangazi pale Hamugembe. Inatosha kusema nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri habari za chuo, na sikuwa na kazi ila kufagia na kuteka maji. Mwalimu Kyaruzi alikuwa akikusanya vijana wa mtaa jioni katika ukumbi mmoja wa mjini, tukiigiza michezo mifupi ya ulevi na ya wasichana kupewa mimba, michezo ambayo watu waliicheka zaidi ya kuizingatia. Mwaka ule kamati ya maadhimisho ilimwomba atunge mchezo juu ya vita vya Kagera. Vita vilikuwa vimepita muda mrefu kiasi kwamba sisi tulivijua kwa kusimuliwa tu. Mwalimu alituambia hatatunga kitu, kwa sababu mchezo ulikwisha kuandikwa na mtoto. Wakati vita vinaanza yeye alikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, na siku shule ilipofungwa aliwaambia wanafunzi wake waandike kila siku watakachokiona, watamsomea wakirudi. Waliporudi, karibu wote walikuwa wamesahau. Msichana mmoja, Hadija, alileta daftari lililoandikwa mpaka kwenye jalada. Mwalimu alisema alilisoma akiwa amesimama, akashindwa kuweka alama ya aina yoyote, akamrudishia.

Hadija mwenyewe alikuwa ameshafariki tulipoanza mazoezi. Daftari alikuwa nalo mama yake, mjane aliyeshona nguo kwa cherehani barazani na ambaye mtaa mzima uliendelea kumwita Mama Hadija. Mwalimu alikwenda kuliomba, akanichukua mimi niliyechaguliwa kuwa Hadija, kwa kuwa nilikuwa na umbo dogo na nilikuwa na sauti ya kitoto. Mama yule alinitazama toka kichwani hadi miguuni kama anayepima kitambaa. Alikubali kulitoa, ila kwa sharti. Alisema kila siku ya mazoezi nije kwanza kula kwake, kwa sababu hawezi kumwazima mwanawe mtu asiyejua alivyokula.

Ndivyo nilivyoingia katika nyumba ile. Ilikuwa na sebule ndogo yenye kabati la vikombe visivyotumika, chumba chake, chumba cha nyuma kilichofungwa kwa pazia, na jiko la uani ambamo chungu cha ebitoke, ndizi zetu za kupika, kilikuwa motoni tangu asubuhi, kimefunikwa kwa majani ya mgomba. Tulikula sakafuni. Aliweka ndizi katikati, maharage pembeni, siku nyingine dagaa, na alinifundisha huku akitafuna. Hadija alikaa ameukunja mguu mmoja chini yake. Hadija alikuwa wa mkono wa kushoto; kula alifunzwa kwa mkono wa kulia akakubali, lakini kuandika aliandika kwa kushoto, na hakuna fimbo iliyombadilisha. Hadija hakupenda kuulizwa jambo wakati anafikiri, alinyanyua kiganja hivi, kama askari wa barabarani, na mtu mzima akanyamaza. Nilipojaribu kukinyanyua changu alisema hapana, nimekinyanyua kama mtu anayejitetea. Yeye alikinyanyua kama mwenye haki. Ramadhani ilipofika nilitaka kufunga pamoja na Mama Hadija kwa heshima, ingawa sikuwa wa dini yake. Alinikataza. Alisema funga si vazi la kuigizia, akanipikia mchana huku yeye mwenyewe ana njaa, akakaa mlangoni kunitazama nikila.

Daftari tulilisoma pamoja baada ya chakula, yaani mimi nilisoma na yeye akasikiliza, kwa kuwa alijua kusoma msahafu lakini hati ya mwanawe ilimshinda. Nilitarajia makubwa. Nilikuta sentensi fupi za mtoto wa miaka kumi na mitatu. "Leo ndege imepita chini sana. Mama amemwaga maharage, baba hakumgombeza." Ukurasa mwingine ulisema senene, wale panzi wa kuliwa, wameanguka wengi kuliko mwaka jana lakini kuwasha taa za kuwanasia ni marufuku, kwa hiyo wamelala kwenye giza wakiwasikia wanavyogonga bati, na kesho yake kuku wa jirani walishiba. Halafu zinafuata kurasa za kukimbia, jinsi walivyotoka mjini kwa miguu kuelekea kusini pamoja na watu wengine wa Bukoba, wamebeba cherehani kwenye baiskeli, mpaka wakapokewa Ijumbi, huko Muleba, na mwanamke mkulima wa kahawa aliyeitwa Mama Speciosa. Hakuwa ndugu yao wala wa dini yao. Aliwapa chumba alichohifadhia kahawa. Huko ndiko alikofia mdogo wake Hadija, Twaha, kwa surua. Hadija aliandika: "Twaha amezikwa kwenye migomba. Baba amemwosha. Mama Speciosa amesema hapo patakuwa na kivuli siku zote. Mimi nimeshika ndoo." Niliposoma hayo mara ya kwanza Mama Hadija hakulia. Aliniambia nirudie ile ya ndoo. Alikuwa hakumbuki nani alishika ndoo, na miaka yote hiyo alikuwa akijiuliza.

Chumba cha nyuma sikuingizwa upesi. Nilikwisha kusikia habari zake bombani, ambako wanawake husema wakidhani maji yanafunika sauti. Walisema Hadija alikuwa msichana mzuri, aliolewa Mwanza kwa shangwe, akarudi na sanduku moja, amekonda. Wakati ule ugonjwa ule ulikuwa na majina mengi, hadi jina la kitambaa cha magendo, na watu waliyatumia yote ila lile lenyewe. Misibani tuliambiwa fulani aliumwa kichwa, fulani alikuwa na malaria iliyopanda, fulani alitupiwa jicho. Katika kila vibanja vitatu vya Kagera kulikuwa na kimoja ambacho bibi alikuwa akilea wajukuu peke yake, na hatukusema kwa nini. Mimi pia nilikaa kwa shangazi, na shangazi pia hakusema.

Siku aliponifungulia pazia, Mama Hadija alinionyesha kitanda cha kamba, dirisha dogo linalotazama migomba, na taulo lililokunjwa vizuri juu ya kigoda. Alisimulia akiwa amekaa kitandani. Kwamba mwanawe alirudi msimu wa kahawa. Kwamba wateja wa cherehani walipungua mmoja baada ya mwingine, na wageni wakaanza kukataa hata maji ya kunywa. Kwamba Hadija alimwomba ampeleke hospitali alale huko, ili mama apate tena kazi, naye akamjibu kwamba alimfikisha Ijumbi kwa miguu na kumrudisha, hawezi kushindwa na kutoka kitandani hadi uani. Alimwogesha, alimlisha uji kwa kijiko, na jioni Hadija alimsimulia vichekesho vya Mwanza, maana alikuwa mwigaji mzuri wa watu. "Tulicheka sana humu," alisema, akitazama ukuta. "Watu walipita njiani wakafikiri tumerukwa na akili."

Tatizo lilikuwa kwamba katika mchezo wa Mwalimu hayo yote hayakuwemo. Mchezo wake uliishia Ijumbi. Kivuli cha ndege kilipita juu ya jukwaa, kwa ufundi wa taa na shuka, ngoma ikapigwa, na Hadija, daftari mkononi, akaanguka. Nilikuwa nimelizoea anguko lile na nililipenda. Nilijifunza kulegeza magoti kwanza, kisha kiuno, kisha shingo, na vijana wenzangu walikuwa wakiacha kila kitu kunitazama. Mwenye duka la vitambaa, mmoja wa Wahindi wachache waliobaki mjini, aliyetupa kaki ya nguo za askari, alikuja jioni moja akatokwa na machozi. Nilijiona nimefika. Sikuwaza sana kwamba Hadija hakufa hivyo. Nilidhani ndivyo michezo ilivyo.

Jioni moja ya mwisho wa mazoezi Mama Hadija alikuja ukumbini bila kuitwa, amevaa kanga zake za kutokea, akaketi benchi la nyuma. Tulicheza mpaka mwisho. Nilianguka. Nilipoinuka na kupangusa vumbi, Mwalimu alikuwa akitembea kati ya mabenchi kumfuata Mama Hadija.

Alimsalimu, akamuuliza ameuonaje. Mama Hadija alisema tumefanya vizuri, na kwamba yule kijana aliyeigiza kama mumewe amepata hata mwendo wake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kiasi kwamba tulilazimika kusogea:

"Lakini mwanangu hakufa vitani, Mwalimu. Alirudi."

Mwalimu alieleza kwa subira. Mchezo ulikuwa wa vita, watu watakuja kuwakumbuka wa vitani, wageni wa kamati watakaa mbele. Mtoto anapokufa na daftari lake, kila mtu anaelewa vita ni nini. Akisalimika, akakua, akaolewa, watu watauliza baadaye ilikuwaje. Alisema hataki kumvua marehemu nguo mbele za watu.

"Mkimuua pale," alisema Mama Hadija, akionyesha jukwaa, "mnanifutia miaka yote aliyoishi baada yake. Alisoma. Alishona. Aliolewa nikacheza ngoma. Aliugua nikamwuguza. Hiyo mnaipeleka wapi?"

"Watauliza aliugua nini, mama."

"Hawatauliza. Wanajua. Wanangoja mtu mmoja aseme."

Hakudai kurudishiwa daftari, na hilo ndilo lililomfunga Mwalimu. Angelidai, tungegombana, tungeshindwa au tungeshinda. Alituaga tu, mmoja mmoja, akaniambia kesho kuna samaki, nisichelewe.

Kesho yake nilikuwa jikoni namenya ndizi Mwalimu alipopiga hodi. Walikaa uani, nyuma ya ukuta wa miti, na sikuweza kutoka bila kuwakatiza, kwa hiyo nilibaki na kisu mkononi na kusikia. Mwanzoni walizungumza habari za mvua. Halafu Mwalimu akaanza kwa Kihaya, lugha ambayo kwetu hakuwahi kuitumia, akamsimulia habari za mkewe. Nilijua mkewe alifariki. Nilijua ilisemwa ni mapafu. Alisema yeye ndiye aliyebuni hayo mapafu. Aliyaandika kwenye tangazo, aliyarudia kaburini, aliyarudia kwa watoto wake mpaka mkubwa alipomuuliza kwa nini basi walikuwa wakimtengea mama sahani yake peke yake. Alisema tangu siku ile mkewe amekuwa kama mtu aliyemzika mara mbili, na mara ya pili alimzika peke yake. Mama Hadija hakumpa pole. Aliniita nilete kahawa. Nilileta buni, zile punje kavu za kahawa tunazompa mgeni kutafuna, kwenye kikapu kidogo, na Mwalimu alichukua, akatafuna, macho yake mekundu, wala hakujaribu kunificha.

Baada ya hapo mchezo ulibadilika, na si kwa urahisi. Anguko langu liliondolewa, nami nilinuna siku kadhaa, kwa sababu lilikuwa kitu pekee nilichokuwa nimewahi kusifiwa mbele za watu. Badala yake niliwekewa mkeka, kigoda na bakuli la uji. Vita viliisha katikati ya mchezo. Nusu iliyobaki ilikuwa ya nyumba moja. Hadija aliyekua aliigiza Mwanza nzima akiwa amelala, mama akacheka, na katikati ya kicheko Hadija akasema mwenyewe, kwa jina halisi la ugonjwa, anaumwa nini. Wawili katika kundi letu walijitoa. Mmoja alikatazwa na wazazi, mwingine alisema hawezi kulisikia neno lile kila jioni, na sote tulijua nani wa kwao amelala kitandani mgonjwa.

Ukumbini mjini watu walijaa. Walicheka kwenye maharage yaliyomwagika, wakanyamaza kwenye ndoo. Neno lile lilipotamkwa nilisikia ukumbi ukivuta pumzi, kisha viti vikisogezwa. Wageni wawili wa mbele walitoka. Nilipomaliza hapakuwa na makofi. Watu walibaki wamekaa, na mahali fulani nyuma mwanamke alikuwa akilia bila kujizuia, na hakuna aliyemnyamazisha. Kesho yake kamati ilisema mchezo umetoka nje ya mada, na maonyesho mengine ya mjini yakafutwa. Shemeji zake Hadija walituma mtu kusema tumewavunjia heshima. Mama Hadija alimpokea mjumbe, akampa chai, akamwambia awasalimie sana.

Onyesho moja lilikuwa limebaki, la Ijumbi, ambalo halikuwa la kamati. Mama Speciosa, mzee sana wakati huo, alikuwa ametuma salamu kwamba mchezo wenye jina lake hauwezi kuchezwa kote asiuone. Tulikwenda na mkeka wetu na bakuli letu, tukacheza mchana kweupe kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, bila taa wala pazia, watoto wakiwa wamekaa karibu kiasi cha kuweza kugusa uji. Kabla ya mchezo wale mama wawili walishikana mikono wakaenda migombani peke yao. Sikuwafuata. Walirudi na udongo kwenye viganja, na Mama Hadija aliniambia tu kwamba kivuli kipo.

Tulipomaliza, na watu wakianza kutawanyika, msichana mmoja alinifuata mahali nilipokuwa nakunja mkeka. Hakunizidi umri sana. Alikuwa amevaa sweta wakati wa jua kali na mifupa ya mikono yake ilionekana kupitia mikono ya sweta. Alinisaidia kukunja, akaniuliza bila kuniangalia kama mambo yale ni ya kweli au tumetunga. Nikamwambia ni ya kweli. Akauliza kama ni kweli yule mama hakumfukuza. Nikamwambia hakumfukuza. Alikunja tena ncha ya mkeka iliyokwisha kunjwa.

"Hata mwisho?"

Nikamwonyesha Mama Hadija, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chini ya upenu wa nyumba akinywa maji. Msichana alishtuka, nadhani alifikiri wale wa kwenye mchezo hawapo tena duniani. Alisogea polepole, akapiga magoti kumsalimu jinsi tunavyowasalimu wakubwa, na hakuinuka. Walizungumza kwa Kihaya, vichwa vimekaribiana, na sikusikia kitu. Nilimwona Mama Hadija akimshika kidevu na kuuinua uso wake.

Gari letu lilikuwa linangoja na Mwalimu alikuwa na wasiwasi wa mvua. Mama Hadija alikuja akaniambia nifuatane naye, tunamsindikiza binti kwao. Nyumbani kwao hakukuwa mbali. Njiani alitueleza kidogo: alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam wiki zile, alifikia kwa rafiki upande wa pili wa kijiji, mama yake alikwisha kusikia kwamba yupo na hakuja kumwona, naye hakuthubutu kwenda. Tulipoikaribia nyumba alipunguza mwendo mpaka akasimama kabisa. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye paa la bati, ua umefagiwa, kuku wawili watatu, mlango wazi. Alisema kwamba ataniacha mimi na Mama Hadija tuende, yeye atangoja hapo. Mama Hadija alivua kanga yake ya pili, akamfunga mabegani juu ya lile sweta, akamwambia, "Mwana wange, mimi nitaingia kwanza."

Alipiga hodi. Sauti ya mwanamke ikaitika kutoka ndani, nyegera waitu, yaani karibu, kwa sauti ya mtu asiyejua ni nani aliyebisha. Mama Hadija akaingia. Tulibaki njiani, mimi na yule msichana ambaye hata jina sikuwa nimemuuliza, na nilimshika mkono. Mwanzoni tulisikia maongezi ya taratibu. Halafu sauti moja ikapanda, haikuwa ya Mama Hadija, ikapanda tena, ikavunjika. Mawingu yalikuwa yameshuka na matone ya kwanza yalianza kugonga majani ya migomba. Msichana alisema kwa sauti ndogo kwamba afadhali arudi kwa rafiki yake kabla njia haijateleza, na nilikuwa nimeanza kuulegeza mkono wake.

Mama yake alitoka mlango wa nyuma, akapita uani bila kutuangalia, ameinamisha kichwa, akaingia jikoni. Tulisikia kuni zikivunjwa na chungu kikiwekwa mafigani. Baada ya kitambo moshi ukaanza kupenya kwenye majani ya paa la jiko, mwembamba kwanza, kisha mzito, na yule msichana aliutazama, akaushika vizuri ule upindo wa kanga, akaanza kutembea kuelekea nyumbani.